Inzi, Jaa na Kopo la Dawa

Saa sita na nusu mchana, kengele ya chakula inapokaribia kulia katika shule nyingi za bweni, mpishi au kiranja hupita bwaloni akiwa na kopo la dawa mkononi. Hupuliza juu ya meza, pembeni mwa madirisha, na pengine hata juu ya masufuria yaliyokwisha kuipuliwa. Baada ya dakika chache inzi huanguka sakafuni wakizunguka kama pia, wanafunzi huingia, na chakula hugawiwa. Kesho yake mambo huwa yale yale. Jambo ambalo aghalabu haliulizwi ni hili: ikiwa inzi wa leo wote wamekufa, wa kesho hutoka wapi?

Swali hilo ni la kisayansi kamili, tena halihitaji maabara. Jawabu lake liko hatua chache nyuma ya jiko, mahali panapotupwa maganda ya ndizi, ukoko wa ugali na mabaki ya maharage. Mradi jaa hilo liko wazi, kila kopo linalonunuliwa kwa ajili ya bwalo ni fedha inayotupwa jaani pamoja na maganda. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba dawa ya kupuliza inastahili kuwa silaha ya mwisho, si ya kwanza, na kwamba namna inavyotumiwa hivi sasa katika nyumba na shule nyingi ina hatari ambazo mwalimu wa sayansi hana haki ya kuzinyamazia.

Inzi wa nyumbani, ambaye wanasayansi humwita Musca domestica, hutaga mayai kati ya 75 na 150 kwa mara moja, na katika maisha yake ya majuma machache aweza kutaga mara kadhaa, hata kufikia mayai 500 hivi. Hutaga penye unyevu na kinachooza: samadi mbichi, takataka za jikoni, kinyesi cha watu na cha wanyama. Katika joto la pwani au la kando ya Ziwa Viktoria mayai huanguliwa kabla ya siku moja kwisha. Mabuu hula kwa muda wa siku nne hadi saba, kisha huhama kutafuta mahali pakavu zaidi na kugeuka pupa, vijumba vya rangi ya hudhurungi vinavyofanana na mbegu. Baada ya siku tatu hadi sita hivi inzi kamili hujitokeza. Kwa hiyo penye joto safari nzima kutoka yai hadi inzi huchukua kama siku 7 hadi 10. Katika baridi ya Njombe au Limuru huchukua muda mrefu zaidi.

Mwalimu wa hisabati aweza kulifanya jambo hili kuwa somo zuri. Tuseme jike mmoja ametaga mayai 120 na nusu yake ni majike. Kizazi cha kwanza kina majike 60, cha pili 3,600, na cha tatu 216,000, na hayo yote kabla ya miezi miwili kwisha. Hesabu hii si utabiri. Kuku wanaochakura jaani, mijusi, siafu, jua na ukame huwamaliza wengi mno kabla hawajapata mbawa. Lakini yaonyesha kwa nini anayeua inzi kumi mezani hajafanya kitu. Wanaoruka bwaloni ni sehemu ndogo tu ya jamii nzima. Wengi wao wakati huo ni mayai, mabuu na pupa, nao wamefukiwa ndani ya takataka ambamo tone la dawa iliyopulizwa bwaloni haliwezi kufika kamwe.

Inzi hana meno wala hawezi kutafuna. Mdomo wake ni kama sifongo, hufyonza majimaji tu. Akitua juu ya sukari au kipande cha andazi hutema mate na matapishi ili kuyeyusha anachotaka kula, kisha hukifyonza, na sehemu ya matapishi hayo hubaki pale pale. Miguu yake yenye vinyweleo hubeba kila alichokikanyaga kabla ya hapo. Viini vya kuhara damu, vya homa ya matumbo na vya kipindupindu vyaweza kusafiri kwa njia hiyo. Ndugu yake, Musca sorbens, hupenda majimaji ya macho na pua za watoto, naye ni miongoni mwa waenezaji wa trakoma, ugonjwa ambao wananchi huuita vikope. Wahenga waliosema kuwa inzi kufia juu ya kidonda si haramu walikuwa wamemchunguza mdudu huyu vya kutosha, ingawa hawakuwa na darubini.

Hata hivyo haifai kumtwisha inzi lawama zote. Maji machafu na mikono isiyonawiwa hueneza maradhi hayo hayo bila msaada wake. Ndiyo maana lilikuwa jambo la maana kupima hasa sehemu ya inzi ni kiasi gani. Matokeo ya utafiti katika kambi za jeshi nchini Israel yalitangazwa mwaka 1991: mahali inzi walipopunguzwa kwa bidii, hasa kwa mitego yenye chambo, wagonjwa wa kuhara damu kulikosababishwa na bakteria wa Shigella walipungua kwa asilimia 85. Mwaka 1999 yalitangazwa matokeo kutoka vijiji vya Gambia na vya Pakistani, ambako viuadudu vilinyunyizwa kwa utaratibu, na magonjwa ya kuhara ya watoto yakapungua kwa karibu robo. Katika vijiji vya Gambia wagonjwa wapya wa trakoma walipungua kwa asilimia 75.

Matokeo hayo yangeweza kumfanya mtu akimbilie dukani. Lakini huko dawa ilinyunyizwa na watu waliofundishwa, kwa vipimo na ratiba, katika vijiji vizima. Haikuwa kopo la mtu mmoja akipuliza sebuleni. Tena sayansi haiishii kwenye jaribio moja. Wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, vijiji vilivyokuwa vimepewa dawa ya kutibu trakoma viligawanywa, vingine vikanyunyiziwa kiuadudu kwa nguvu na vingine visinyunyiziwe. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba unyunyiziaji haukuongeza faida yoyote ya maana juu ya ile iliyokwisha kupatikana kwa tiba. Wanafunzi wanaodhani kuwa sayansi ni orodha ya majibu yaliyokwisha kupatikana wangenufaika kuyaweka majaribio ya Gambia na ya Kongwa bega kwa bega na kujadiliana kwa nini yametofautiana.

Sasa dawa yenyewe. Wakulima wa Molo na Kisii, na wenzao wa Mbeya na Iringa, wanalifahamu ua jeupe la pareto. Kenya ilianza kulilima mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa miaka mingi ya karne iliyopita iliongoza duniani katika zao hilo. Tanzania nayo ina kiwanda chake huko Mafinga. Sumu iliyomo katika ua hilo hushambulia neva za mdudu. Kwenye utando wa neva kuna vijia ambavyo sodiamu hupitia, vikifunguka na kufunga kwa zamu. Molekuli za pareto hujibandika hapo na kuvizuia visifunge, neva ikaendelea kutoa ishara bila kikomo, na mdudu akaanguka akitetemeka. Mwili wa binadamu huzivunja molekuli hizo upesi, na mwanga wa jua huziharibu kwa saa chache. Sifa hiyo ya pili iliwaudhi wafanya biashara, ndipo Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, wakaunda katika miaka ya 1970 dawa zilizoiga umbo la pareto lakini zinazostahimili jua, kama vile permethrini na deltamethrini. Makopo mengi ya leo yana dawa za ukoo huo.

Jambo moja huwashangaza wengi: inzi aliyeanguka si lazima awe amekufa. Ikiwa kipimo ni kidogo, vimeng'enya vya mwili wake huivunja sumu, naye akainuka baada ya muda na kuruka. Mwaka 1940 iligunduliwa kuwa mafuta ya ufuta huongeza nguvu ya pareto, kwa sababu yana kitu kinachovizuia vimeng'enya hivyo. Kemikali iitwayo piperonili butoksidi, inayoongezwa siku hizi katika makopo mengi, hufanya kazi iyo hiyo. Ufuta wa Lindi na Mtwara una kemia zaidi ya ile ya kashata.

Lakini inzi naye hujifunza, au kwa usahihi zaidi, huchaguliwa. Paul Müller aligundua nguvu ya DDT juu ya wadudu mwaka 1939, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Kabla hata hajakabidhiwa tuzo hiyo, inzi wasiodhurika na DDT walikuwa wamekwisha kuonekana Uswidi na Italia. Inzi wachache waliozaliwa na tofauti ndogo katika vijia vya sodiamu ndio waliosalia, ndio waliozaa, na baada ya vizazi kadhaa wakawa ndio wengi. Hili ni somo la uteuzi asilia linaloweza kufundishwa kwa mfano wa bwaloni badala ya ndege wa visiwa vya mbali.

Hapa ndipo kopo la nyumbani linapogusa maslahi ya taifa. Dawa zilizomo ndani yake ni za ukoo ule ule unaotiwa katika vyandarua vinavyowakinga watoto na malaria. Tayari mbu wa sehemu nyingi za Afrika wamekuwa sugu, hata ikabidi vyandarua vipya vitiwe piperonili butoksidi au kiuadudu cha aina nyingine. Wataalamu wanatambua kuwa dawa zinazotumiwa mashambani na majumbani huchangia usugu huo. Kila upulizaji usio na haja huwaacha hai wale wadudu ambao dawa haiwawezi, na mbu aliyejibanza nyuma ya kabati wakati inzi wanapulizwa yumo katika mtihani huo huo. Kuichezea dawa ya ukoo huu kwa sababu ya inzi wawili juu ya kikombe cha chai ni kukopa katika akiba ambayo si ya mwenye kopo peke yake.

Kuna nyakati, hata hivyo, ambapo kupuliza ni halali: baada ya msiba au arusi, kwa mfano, ambapo taka za siku moja zimeleta makundi. Mwenye kupuliza na aelewe anachokifanya. Tone la dawa lenye kipenyo cha sehemu moja ya kumi ya milimita huanguka kutoka dari ya mita mbili kwa sekunde chini ya kumi. Tone lenye kipenyo cha sehemu moja ya mia ya milimita huchukua kama dakika 11 kuufanya mwendo huo huo, maana uzito wake umepungua mara elfu ilhali ukinzani wa hewa haukupungua kwa kadiri hiyo. Hayo madogo ndiyo yanayomwua inzi angali anaruka, na hayo hayo ndiyo yanayoingia mapafuni. Kwa hiyo chakula, maji ya mtungi na vyombo hufunikwa au hutolewa kwanza. Watoto, wagonjwa wa pumu, kuku na paka hutolewa pia. Paka hudhurika na permethrini kuliko mbwa, na samaki wa kufugwa hudhurika zaidi. Mpulizaji huanzia mbali na mlango, hupuliza sekunde chache tu kuelekea juu, hurudi kinyumenyume hadi nje na kufunga. Baada ya robo saa hufungua milango na madirisha yote, huiacha hewa ipite nusu saa nyingine, hufagia wadudu, huosha meza kwa maji na sabuni, na hunawa. Kibandiko cha kopo kikitaka muda mrefu zaidi, kibandiko ndicho kifuatwe.

Moto ni hatari inayosahauliwa zaidi. Zamani makopo yalitumia gesi za klorofluorokaboni kusukuma dawa. Gesi hizo haziwaki, lakini huharibu tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulianzisha safari ya kuziondoa. Zilizochukua nafasi yake katika makopo mengi ni butani na propani, yaani gesi ile ile ya kupikia. Anayepuliza jikoni huku mkaa unawaka au kibatari kimewashwa anapuliza gesi ya kupikia kuelekea kwenye moto. Kopo lililokwisha halitobolewi wala halitupwi katika moto wa takataka, kwani gesi iliyobaki hutanuka na kulipasua.

Hatari zote hizo ni ndogo zikilinganishwa na ya kichupa kisicho na jina. Katika masoko mengine dawa za mashambani humiminwa kutoka madebe makubwa na kuuzwa katika chupa za soda au vichupa vya dawa ya kikohozi, kwa bei nafuu, kwa maneno ya mdomo tu ya muuzaji. Nyingi kati ya hizo ni za ukoo wa fosfeti ogania, ambao haufanani na pareto hata kidogo. Huzuia kimeng'enya kinachofuta ishara kati ya neva na msuli, na neva za binadamu hazina kinga dhidi yake. Aliyedhurika hutokwa mate na jasho kwa wingi, mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, misuli hucheza, na pumzi huwa ya shida. Atolewe kwenye hewa safi, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa sabuni na maji mengi na mtu aliyejikinga mikono, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Asitapishwe, hasa kama dawa ilichanganywa na mafuta ya taa, kwa kuwa mafuta hayo yakipita mapafuni huleta madhara mengine. Maziwa, ambayo huaminiwa sana, si dawa ya sumu hii. Huchelewesha safari tu. Watoto wamekunywa sumu kutoka chupa za soda kwa sababu moja iliyo wazi: kwao chupa ya soda ina soda.

Yafaa walimu wa kemia wawe na ujasiri wa kufundisha kusoma kibandiko kama wanavyofundisha kusoma mlinganyo. Jina la kiambato, kiasi chake kwa asilimia, namba ya usajili, tarehe ya mwisho, onyo na huduma ya kwanza: yote hayo ni kemia, na kwa mwanafunzi atakayeishi kijijini yatamfaa kuliko rangi ya ndimi nyingi za moto anazokariri. Kibandiko kisichosomeka, kwa herufi zake au kwa lugha yake, ni sababu tosha ya kuliacha kopo dukani.

Dawa ikishawekwa mahali pake, yabaki mambo ya zamani yenye nguvu zaidi. Mwaka 1668 Francesco Redi, mganga wa Italia, alitangaza jaribio lake la nyama ndani ya vyombo: vilivyoachwa wazi viliingia mabuu, vilivyofunikwa kwa kitambaa chepesi havikuingia. Alikuwa akikanusha imani kwamba mabuu huzaliwa na nyama yenyewe, lakini bila kukusudia alieleza pia faida ya kawa. Kawa la ukindu ambalo bibi wa pwani hufunikia sinia ni jaribio la Redi linalofanywa kila siku. Kidato cha kwanza kinaweza kulirudia kwa vikombe viwili na kipande cha chandarua kilichochakaa.

Jaa nalo lafaa liwe shimo, lifukiwe kwa udongo kila siku au lifunikwe, au takataka zigeuzwe mboji ambayo joto lake la ndani huwaua mabuu. Samadi ya zizi ikiondolewa kila juma, inzi hana muda wa kumaliza safari yake ya siku 7 hadi 10. Na choo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya Watanzania wapatao milioni mbili kandokando ya redio, iliacha nyuma yake mamia ya maelfu ya vyoo. Choo cha kawaida humnyima mazalio yule inzi wa macho, ambaye hutaga katika kinyesi kilichoachwa juu ya ardhi. Lakini chaweza kuwa kiota cha inzi wengine. Ufumbuzi wake ulijaribiwa na Maabara ya Utafiti ya Blair, katika jiji ambalo leo ni Harare. Mwaka 1975, kwa siku 78, inzi walinaswa kutoka vyoo viwili vya shimo, kimoja kina bomba la hewa na kingine hakina. Kile kisicho na bomba kilitoa inzi 13,953. Kile chenye bomba kilitoa 146.

Bomba hilo halina ajabu. Upepo ukipita juu ya ncha yake huivuta hewa ya shimoni kwenda juu, harufu ikatoka huko badala ya kutoka mlangoni. Inzi wa nje wakifuata harufu hugonga wavu uliofungwa juu ya bomba. Wale waliozaliwa shimoni huufuata mwanga, na kwa kuwa kibanda kina giza, mwanga ulio mkali zaidi ni ule wa juu ya bomba. Hupanda huko, hukuta wavu, na hufia hapo. Wavu ukitoboka au kibanda kikiachwa bila mlango, hesabu yote hubatilika. Shule yenye karakana yaweza kulifanya bomba kama hilo kwa fedha zilizokuwa zitumike kwa makopo ya muhula mmoja au miwili.

Mkuu wa shule asiyeyasadiki haya ana njia rahisi ya kuyapima. Wataalamu wa afya hutumia tangu miaka ya 1940 kichanja cha fito za mbao zilizopigiliwa sambamba, chenye upana wa kama mita moja kila upande. Huwekwa mahali inzi wanapokusanyika, nao, kwa kuwa hupenda kutua kwenye kingo, hutua juu ya fito. Mtazamaji huhesabu waliotua kwa sekunde 30, akarudia mara kadhaa mahali mbalimbali. Wanafunzi na wahesabu hivyo jaani na mlangoni mwa bwalo, saa ile ile, kwa majuma mawili ambapo kopo linatumika kama kawaida. Kisha shimo lifukiwe, mapipa yatiwe vifuniko, kopo lifungiwe kabatini, na hesabu iendelee majuma manne, maana pupa waliokwisha kuwamo ardhini watazidi kutoka kwa siku kadhaa. Grafu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, karibu na orodha ya manunuzi ya jikoni.